Dakika Kumi na Moja za Mnara wa Nne

Sentensi yenyewe ilikuwa ukurasa wa saba, mstari wa tatu kutoka chini. Bi Dakika aliisoma akiwa amesimama kando ya mashine ya kuchapia, karatasi zikiwa bado na joto mkononi. Akaisoma tena. Mara ya tatu aliisoma kwa kuchezesha midomo, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Wakazi wa ng'ambo ya reli," ripoti ilisema, "walionyesha kumbukumbu hafifu ya kinga mwezi mmoja baada ya kupona, jambo linaloweza kutokana na udhaifu wa miili yao kwa sababu ya lishe duni."

Yeye mwenyewe alikuwa wa ng'ambo ya reli. Alizaliwa huko, akaolewa huko, na mumewe alipofariki akabaki huko huko na mdogo wake wa kike, katika nyumba ya vyumba viwili yenye baraza ya saruji. Kila asubuhi alivuka reli kwa miguu kuja kazini. Udhaifu wa miili! Damu ilimpanda kichwani mpaka masikio yakavuma.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa msaidizi wa maabara katika taasisi ile ya utafiti. Masomo yake yaliishia sekondari. Jina la Bi Dakika alibandikwa na nesi aliyekuwa akiwatoa watu damu, mwanamke wa maneno mengi, kwa kuwa mama huyu hakuweza kufanya jambo bila kutazama saa na kuandika. Alikuwa na daftari la kijani lenye jalada gumu, lake mwenyewe, si la ofisi. Humo aliandika saa aliyofika, ubaridi wa kila friza, nani kafungua pipa na nani kalifunga.

"Bi Dakika," nesi alipenda kumtania, "hata ukienda msalani unaandika?"

"Naandika ukienda wewe," alijibu bila kuinua macho. "Jana ulikaa huko robo saa nzima na simu."

Pipa lililosemwa lilikuwa la chuma, refu la kufika kifuani, na ndani, chini kabisa, mna naitrojeni, hewa iliyogeuzwa maji, yenye baridi isiyo na mfano. Barafu mbele yake ni uji. Ndani ilisimama minara. Hivyo ndivyo walivyoziita zile fremu ndefu zenye mpini juu, kila mnara na visanduku vyake sita, kila kisanduku na matundu themanini na moja ya vichupa. Ndani ya vichupa zililala seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi mwilini. Hazijafa, haziishi, zinasubiri. Sheria ya chumba kile ilibandikwa ukutani kwa mwandiko wa Bi Dakika: mnara usikae nje ya pipa zaidi ya dakika moja. Seli zikipata joto kisha zikaganda upya, hupasuka. Kwa nje kichupa ni kile kile. Ndani mna maiti.

Miaka miwili nyuma homa ya virusi ilipita mjini ikazoa watu. Waliopona, Daktari akawataka damu. Huyu alikuwa mtafiti wa kinga ya mwili, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye akili kali na viatu vya kung'aa, na swali lake lilikuwa zuri. Hata Bi Dakika alilipenda. Mtu akishaugua na kupona, mwili wake unaukumbuka ugonjwa kwa muda gani? Alitaka damu ya mwezi mmoja baada ya kupona, kisha ya mwezi wa sita, kisha ya mwaka. Ile ya mwezi wa kwanza ndiyo iliyokuwa roho ya kazi yote. Ikipotea, imepotea, hakuna atakayemrudisha mtu kwenye mwezi wake wa kwanza.

Homa ilianzia ng'ambo ya reli, kwa hiyo damu ya huko ndiyo iliyotangulia kutakiwa. Watu wakagoma. Nesi alikwenda na gari na maelezo mazuri, akarudi na maelezo yake. Ndipo Bi Dakika alipopita mlango kwa mlango, jioni baada ya jioni, akisimama kwenye vizingiti vya watu aliokua nao.

"Damu yangu inakwenda kufanya nini huko?" alimuuliza fundi cherehani, jirani yake wa nyumba ya tatu. Fundi alikuwa ameipona homa ile juma lile lile mkewe alipokufa kwayo.

"Wataiuliza kama inaukumbuka ugonjwa."

"Na itajibu?"

"Itajibu. Na jibu nitakuletea mimi mwenyewe, mpaka hapa mlangoni."

Fundi alimtazama kwa muda, kisha akakunja mkono wa shati pale pale, kana kwamba sindano imo mfukoni mwa jirani yake. Baada yake wakaja wengine, jumla tisini. Wa tisini alikuwa mdogo wake Bi Dakika, anayeogopa sindano kuliko nyoka. Alitoroka mara tatu. Mara ya nne nesi alifunga mlango na kuusimamia kwa mgongo. Watu tisini wa mtaa wa juu, ambako homa ilichelewa kufika, walifuata baadaye kwa magari yao.

Bi Dakika ndiye aliyezigandisha seli na kuzipanga. Kila mtu vichupa sita, kimoja katika kila kisanduku, kwenye tundu la namba yake. Namba moja mpaka themanini na moja zikajaza mnara wa nne. Kuanzia themanini na mbili, mnara wa tano. Ilipendeza macho. Ukitaka namba yoyote unaipata umefumba macho. Haikumpitia akilini, wala haikumpitia mtu mwingine yeyote mle, kwamba kwa unadhifu ule alikuwa amewaweka karibu watu wote wa mtaa mmoja juu ya mpini mmoja.

Sasa, na ripoti mkononi, aliketi mezani akafungua jedwali la mwisho, lile ambalo wakubwa hawalisomi, lenye hesabu ya kila mtu peke yake. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi kueleweka. Seli huyeyushwa, huwekwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo, hukutanishwa na vipande vya virusi. Seli inayomkumbuka adui huacha doa dogo la buluu. Madoa mengi, kumbukumbu nzuri.

Namba moja: madoa manne. Namba mbili: saba. Namba tatu: hakuna. Kidole kilishuka taratibu. Themanini: mawili. Themanini na moja: matano.

Themanini na mbili: mia moja arobaini.

Kidole kikasimama. Themanini na tatu, mia moja na kumi na mawili. Themanini na nne, mia moja sitini na saba. Na hivyo hivyo mpaka tisini, kisha wakaanza watu wa mtaa wa juu, nao ni mamia matupu. Wale tisa wa mwisho walikuwa wa ng'ambo ya reli kama wenzao themanini na mmoja. Walikunywa maji ya bomba lile lile na kula kutoka soko lile lile. Walichotofautiana ni mnara tu. Daktari alikuwa amewajumlisha tisini wote akagawanya, na wale tisa wakamezwa na wingi wa wenzao. Namba tisini, yule mwoga wa sindano, mwili wake dhaifu wa lishe duni uliacha madoa mia mbili na matatu. Hakuna aliyempita, si ng'ambo, si juu.

Hakuhitaji kufungua daftari la kijani, lakini alilifungua. *Tarehe 19 mwezi wa tatu. Mnara wa 4. Umetoka saa nne na dakika kumi na mbili. Umerudi saa nne na dakika ishirini na tatu. Sababu: picha.*

Siku ile walikuja wageni, na mpiga picha. Daktari alivaa glavu kubwa za buluu, akauvuta mnara mpaka nje, na ule ukungu mweupe wa baridi ukamwagika juu ya viatu vyake. Wageni wakatoa macho.

"Daktari, dakika mbili," Bi Dakika alisema kutoka pembeni.

"Inua kidogo, Daktari," mpiga picha alisema. "Hapo hapo. Cheka kidogo."

"Daktari, dakika tano."

"Mama, tulia basi, moshi unatoka vizuri." Watu wakacheka. Kisha betri ya kamera ikaisha, wakaitafuta nyingine kwenye mkoba, na Daktari akasimama vile vile kama mvuvi aliyeshika samaki wa mashindano, akieleza habari za kumbukumbu ya mwili, huku kumbukumbu yenyewe ikiyeyuka mkononi mwake.

Wageni walipoondoka alimsogelea kwa upole. "Kwenye fomu ya pipa andika dakika moja, Mama. Andika ukaguzi. Tusijitafutie maneno."

Naye akaandika. Hapo ndipo hasira yake ilipopata pa kukaa, wala haikukaa kwa Daktari peke yake. Mkono huu huu, ulioandika ubaridi wa friza kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili bila kukosea hata nukta, uliandika: umetoka saa nne na kumi na mbili, umerudi saa nne na kumi na tatu, ukaguzi. Kisha ukatia sahihi.

Alibisha mlango wa Daktari kabla ya saa sita.

"Daktari, ukurasa wa saba una uongo."

"Uongo?" Alicheka, bado akiandika kwenye kompyuta. "Mama, nilikupa ripoti uichape au uihakiki?"

"Nimechapa. Sasa nahakiki." Akaweka jedwali mbele yake, kidole kwenye namba themanini na moja. "Soma hapa. Kisha soma hapa."

Daktari alisoma. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa, na hilo ndilo lililomkera Bi Dakika zaidi kuliko yote yaliyofuata: alimwona akielewa. Aliona macho yakishuka, yakisimama, yakirudi juu, yakishuka tena. Kisha uso ukafungwa kama duka.

"Sampuli chache," alisema. "Tisa tu. Huwezi kujenga hoja juu ya watu tisa."

"Ni mnara, Daktari. Si watu. Uliuweka nje dakika kumi na moja."

"Fomu inasema moja."

"Uliniambia niandike moja!"

"Sahihi ni ya nani?" Aliuliza taratibu, kama mwalimu. "Na aliyezigandisha ni nani? Mama, ukilifungua jambo hili litaanza na wewe. Mimi nakuonea huruma tu. Ripoti inasomwa Ijumaa mbele ya Mkuu. Chapa nakala kumi, ubane vizuri."

Alitoka akiwa amekunja ngumi ndani ya mifuko ya koti jeupe. Nesi alimkuta kwenye sinki akisugua sahani ya kioo iliyokwisha kutakata zamani.

"Utaivunja hiyo."

Akamsimulia yote. Nesi alimpokonya sahani akaiweka kando.

"Shoga yangu," alisema, "utamwaga unga. Yeye atakuwa na maneno, wewe utakuwa na sahihi."

"Unga wangu niliumwaga tarehe kumi na tisa. Nilichokuwa sijui ni kwamba nimeumwagia majirani."

Nyumbani mdogo wake alimsikiliza huku akikunja nguo. "Mia mbili na matatu!" alipiga makofi. "Kumbe woga wangu una faida. Ningekuwa shujaa kama Fundi, ningekuwa na mimi ndani ya mnara wenu wa maiti." Alicheka, kisha akaona kuwa dada yake hacheki. "Dada. Si watakufukuza?"

"Huenda."

"Na ukinyamaza?"

Bi Dakika alichukua shati akalikunja. Akinyamaza, karatasi itakwenda duniani na kusema kwamba Fundi, muuza mkaa, mwalimu wa chekechea na wengine wote aliowatoa majumbani kwa mdomo wake ni watu wa miili mibovu. Na siku homa ikirudi, mtu fulani ofisini atafungua ukurasa wa saba.

Ijumaa chumba cha mikutano kilikuwa na watu wanane. Mkuu wa taasisi, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani ya kamba shingoni, alikaa mwisho wa meza. Bi Dakika aligawa nakala, kazi aliyoitiwa, kisha badala ya kutoka akasimama ukutani. Daktari alipofika kwenye ukurasa wa saba na kuanza "udhaifu wa miili," alimkata kauli.

"Si kweli."

Vichwa vyote viligeuka. Daktari alitabasamu. "Mama, asante, nakala zinatosha."

"Nakala zinatosha, ukweli ndio haupo." Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, akaiacha hivyo hivyo. "Mkuu, watu wa ng'ambo ya reli si dhaifu. Seli zao tuliziua sisi, humu humu ndani, kwa ajili ya picha. Mnara wa nne ulikaa nje dakika kumi na moja."

"Kitambo kidogo tu, Mkuu," Daktari alisema. "Fomu ipo. Dakika moja. Ameiandika mwenyewe."

Mkuu alinyoosha mkono, akapewa faili ya pipa, akavaa miwani. "Umetoka saa nne na kumi na mbili, umerudi saa nne na kumi na tatu. Huu si mwandiko wako, Mama?"

"Ni wangu. Niliandika uongo."

Kiti kililia mahali fulani.

"Niliambiwa niandike, lakini mkono ni wangu, sina wa kumsukumia," aliendelea. "Ukweli niliuandika hapa." Akaweka daftari la kijani mezani. "Na kama mimi leo siaminiki, kwa sababu nimeshasema uongo mara moja, basi twendeni ukumbini mkaiamini picha."

Walitoka wote, wengine na vikombe mkononi. Picha ilitundikwa karibu na ngazi, kubwa kama mlango: Daktari, glavu za buluu, ukungu, tabasamu. Juu ya mpini, namba 4 iliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Na nyuma ya bega lake la kushoto, ukutani, saa ya chumba cha pipa. Kila siku watu themanini walipita chini ya picha ile na hakuna aliyewahi kuitazama saa.

Mkuu aliisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Saa nne na dakika ishirini," alisoma. Akageuka kwa Daktari. "Fomu inasema wakati huu mnara ulikuwa umesharudi ndani kwa dakika saba. Huu ulioushika ni nini?"

Daktari aliitazama saa ya pichani. Bi Dakika alidhani angefurahi. Hakufurahi hata chembe. Alikuwa akiwaza vichupa mia nne themanini na sita.

Ripoti ilisimamishwa. Mkuu aliagiza damu ya mwezi wa sita, iliyokuwa haijaguswa na iliyo kwenye pipa jingine, iyeyushwe yote kabla mtu yeyote hajaandika neno lolote juu ya mwili wa mtu yeyote. Alasiri ile ile Bi Dakika alipewa barua ya onyo, aya mbili, kwa kuandika taarifa za uongo katika kumbukumbu za taasisi. Daktari alipewa ushauri wa mdomo. Picha ilishushwa, ukuta ukabaki na mraba mweupe. Kwenye ngazi Daktari alimpita bila salamu, na yeye hakumwamkia.

"Yeye ushauri, wewe barua!" nesi alifoka. "Na unaikubali?"

"Barua naikubali, nimeifanyia kazi. Ushauri ndio unaoniuma."

Jumamosi asubuhi alitembea mpaka kwa Fundi. Cherehani ilikuwa barazani, nayo ilikuwa ikienda mbio juu ya kitambaa cha sare za shule. Fundi alimwona, akaacha kukanyaga.

"Karibu, jirani. Jibu limekuja?"

"Limekuja, lakini si zuri." Alikataa kigoda. Alimsimulia akiwa amesimama, kwa mpangilio, bila kuruka: mnara, wageni, betri, dakika, ukurasa wa saba, Mkuu. Hakuiacha fomu.

Fundi aliutoa uzi kwenye sindano, akauviringa kidoleni. "Kwa hiyo damu yangu iliukumbuka ugonjwa au haikuukumbuka?"

"Ya mwezi wa kwanza hatutajua kamwe. Imekufa."

"Na aliyeandika kuwa ilikuwa salama ni wewe."

"Ni mimi."

Alimtazama kama alivyomtazama siku ile ya kukunja shati. "Mke wangu alikuwa na mwezi mmoja ardhini. Nesi alikuja na gari nikamfukuza. Ulipokuja wewe nikasema, huyu hata akichelewa dakika mbili anaomba radhi." Sauti yake haikupanda, ingepanda ingekuwa nafuu. "Damu nyingine sitoi. Usije kuniomba."

"Sitakuomba, Fundi."

"Hao wakubwa. Uliwaambia kuwa si sisi?"

"Niliwaambia."

"Kwa sauti?"

"Mpaka vikombe vilitikisika."

Aliupitisha uzi tena kwenye tundu la sindano. Ilimchukua mara tatu. "Basi kawaambie na wengine," alisema bila kuinua kichwa, na cherehani ikaanza kwenda. "Wote. Mmoja mmoja. Na hiyo habari ya fomu usiifiche kwa mtu."

Bi Dakika alitoka barazani akasimama juani. Alifungua daftari la kijani, akatazama saa, akaandika: *Fundi, ameambiwa, saa tatu na dakika arobaini.* Zilibaki nyumba themanini za mnara wa nne. Akavuka njia, akabisha mlango wa muuza mkaa.